STERINGI HAFI? YA GARI YAKO INAKUFA! TUMEMCHEKA BURE DADA WA WATU

Najua wengi mmefungua hapa mkitegemea ubuyu. Ubuyu upo, ila wa leo unanuka oili, na mimi mwenyewe nina kesi ya kujibu humu ndani, kwa hiyo someni kwanza ndiyo mnitukane.

Wiki mbili zilizopita ilisambaa klipu ya staa mmoja wa Bongo Movie. Jina nalihifadhi, ila kama upo mtandaoni unamjua, ni yule ambaye kila muvi lazima kuwe na sini ya kulia kwenye mvua. Kwenye klipu yupo pakingi ya supamaketi moja hapa Dar, anajaribu kuichomoa gari yake katikati ya gari mbili. Kashika usukani kwa mikono miwili, mwili umenyanyuka kwenye siti, miwani imeshuka puani. Mlinzi yupo nje anapunga mkono, "kata dada, kata, kata tena!" Na gari inalia. Sio injini, ni ule mlio mwembamba wa nguuuuuu unaopanda kila anapokata.

Komenti mliziona. "Wanawake na usukani wapi na wapi." "Gari ya kuazima hiyo, hajaizoea." "Leseni kapewa na daireta." Mmoja akaandika gari inalia kama mbuzi wa Idi, hiyo ndiyo ilipata laiki nyingi kuliko zote.

Sasa kesi yangu ni hii: na mimi niliiposti. Nikaipa kichwa cha habari cha kumchamba, nikaweka vikatuni vya kucheka, na kiukweli ndiyo posti iliyosomwa kuliko zote mwezi ule. Nililala nikiwa na furaha.

Asubuhi braza wangu akanipigia. Yeye sio mtu wa mitandao, huwa ananipigia akitaka nimtumie vocha tu.

"Dogo, umeisikia hiyo gari?"

"Nimeisikia braza, inalia kama mbuzi."

"Hiyo sio mbuzi. Hiyo ni Noah yangu."

Nikanyamaza, maana stori ya Noah naijua.

Braza ana Noah ya zamani, zile za mwisho wa miaka ya 90, na kazi yake ni kubeba wanafunzi. Asubuhi anawapitia nyumbani anawapeleka shule, jioni anawarudisha. Mwaka jana Noah ilianza kulia vilevile. Mwanzo ilikuwa inalia asubuhi tu akiitoa getini, ikipata moto inanyamaza. Baadaye ikawa inalia kila akikata kona ya karibu. Usukani nao ukawa mzito kidogo, ila si unajua gari ya kila siku, unazoea. Akaweka redio juu. Namnukuu: "niliongeza sauti, tatizo likaisha."

Siku hiyo yuko njia ya Goba, wale wa huko mnajua vile vilima na kona zake, saa 12 na nusu asubuhi, ana watoto tisa ndani. Anaingia kona ya kushuka, mara kitu kikapiga paa chini ya boneti na usukani ukawa kama umekamatwa na mtu. Mkanda wa pampu ya steringi ulikatika, kwa sababu pampu yenyewe ilikuwa imekaza. Alivuta kwa nguvu zake zote, na braza ni mtu wa kubeba magunia, kona ikamalizikia mtaroni. Tairi la mbele kushoto likazama, gari ikalala kidogo ubavu. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Mtoto mmoja alijikojolea, mwingine alilia mpaka shule. Lakini wazazi wanne waliondoa watoto wao wiki ileile, na mimi siwalaumu. Braza alikaa mwezi mzima anatafuta watoto wengine wa kujaza siti.

Fundi alipofungua kile kikopo cha mafuta ya steringi, ndani kulikuwa na kitu cheusi kama kahawa ya kijiweni, na chini kuna uchafu kama mchanga laini. Akamuuliza braza mara ya mwisho kubadilisha ni lini. Braza akauliza kubadilisha nini?

Ndiyo maana alivyosikia ile klipu aliujua mlio kabla hajaona hata sura ya mtu.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua sheria moja, steringi hafi. Atapigwa risasi ishirini, ataangushwa kutoka ghorofani, mwisho wa muvi yupo anatembea na bunduki begani. Nadhani ndiyo sababu hatuna habari na steringi ya gari, tunajua haifi. Tunabadilisha oili ya injini kwa sababu fundi anatubandikia kile kikaratasi cha kilomita. Tunaongeza maji kwenye rejeta kwa sababu ikichemka kila mtu barabarani anaona. Mafuta ya steringi hayana kikaratasi na hayatoi moshi. Hata vitabu vingi vya gari vinasema kagua kiwango tu, havisemi badilisha baada ya kilomita kadhaa. Mtu akisikia kagua, anaelewa usiguse.

Ngoja nieleze inavyofanya kazi, na mimi nimeelezwa na fundi wa braza nikiwa nimekaa juu ya tairi bovu, kwa hiyo nitaieleza hivyohivyo. Mbele ya injini kuna pampu inayozungushwa na mkanda. Pampu inasukuma mafuta kwa presha mpaka kwenye boksi la steringi kule chini, na ile presha ndiyo inayokusaidia kugeuza tairi. Wewe unaona unakata kwa kidole kimoja ukiwa umeshika simu (acheni hiyo tabia), kumbe kuna mafuta yanafanya kazi ya mikono yako. Presha ya upepo kwenye tairi la gari ndogo ni kama 30. Pampu ya steringi ukikata mpaka mwisho inapita 1,000 kwa kipimo hichohicho. Sasa presha ya namna hiyo, na joto la injini pembeni, kila siku, kwa miaka kumi au kumi na tano. Mafuta yanaungua taratibu. Mipira ya ndani inalika na kuacha unga mweusi. Vyuma vya pampu vinasagana na kuacha unga wa chuma. Uchafu wote huo hautoki, unazunguka humohumo kama daladala ya njia moja, na kila ukizunguka unakwangua kidogo zaidi.

Halafu kuna mahali watu wanachanganya. Pampu ikifa usukani haukatiki. Kuna vyuma vinaunganisha usukani na tairi, bado unaweza kukata, ila unakata kwa nguvu zako mwenyewe bila msaada. Ukiwa kasi kwenye njia iliyonyooka unaweza usione tofauti kubwa. Shida ni kwenye kona kali, pakingi, kumkwepa bodaboda aliyekukatia ghafla. Mwili wako umezoea kutumia nguvu ya kukorogea chai, ghafla unatakiwa nguvu ya kukandia chapati za watu mia. Ile sekunde moja ya kushangaa ndiyo inayokupeleka mtaroni. Na wale wenzangu na mimi mnaozima gari kwenye mteremko ili kubana mafuta, mjue injini ikizima pampu nayo imezima, na breki zinaanza kuwa ngumu. Hiyo sio akili ya pesa.

Haya turudi kwa staa wetu. Baada ya simu ya braza nikaanza kuulizia. Nina mtu wangu wa karibu na kambi yake, huwa ananivujishia ya mapenzi, safari hii nikamuuliza ya gereji. Akanicheka dakika tano. Kesho yake akarudi na jibu: gari iliingia gereji siku ya tatu baada ya klipu, fundi akafungua kikopo, mafuta yalikuwa chini ya mstari na meusi tii. Pampu inavuta hewa, ndiyo maana ikalia vile mbele ya watu. Gari sio ya kuazima, ni yake, kainunua kwa hela yake ya muvi na matangazo. Leseni anayo na anaendesha miaka sita sasa.

Kwa hiyo mtu tuliyemcheka kwamba hajui kuendesha alikuwa anaendesha gari ambayo nusu ya hao wanaume wa kwenye komenti wasingeweza kuitoa pale. Mchukue jamaa yeyote wa jimu, muweke kwenye gari ambayo pampu imekufa, mwambie atoke katikati ya gari mbili akiwa amesimama palepale. Mtampigia klipu na yeye.

Ila na yeye simwachii hivihivi, maana hapa ndipo penye hoja yangu hasa. Wiki moja kabla ya klipu alikuwa ameposti rimu mpya. Rimu, tinti, muziki mpya, siti zimevalishwa ngozi. Mtu wangu anasema rimu peke yake zilipita milioni moja. Lita ya mafuta ya steringi mimi nimenunua Gerezani kwa 15,000. Elfu kumi na tano, wadau! Hiyo ni kuku mzima na chipsi, tena bila soda.

Na sio yeye tu. Huu ndio ugonjwa wa mji. Sisi watu wa Dar tunaijua gari kwa namba. "Jamaa kashusha namba E." "Yule bado ana namba B, kachoka." Namba inaonyesha gari ilisajiliwa lini hapa Bongo, haionyeshi ilitengenezwa lini kule Japani. Kuna namba D nyingi tu mjini ambazo kule zilishazeeka kabla hazijapanda meli. Unakuta kijana anatamba na namba mpya, kumbe ndani ya kile kikopo kuna mafuta yaliyokuja na meli, labda yaleyale ya kiwandani. Gari namba D, mafuta namba A. Nobody anaposti kikopo, ndiyo tatizo lenyewe. Ungepigwa laiki kwa mafuta mekundu safi, mji mzima ungebadilisha kesho.

Na aibu nayo inachangia. Ukiwa na jina, kusema gari yangu imezeeka inahitaji matengenezo ni kama kukiri umefulia. Bora uongeze rimu watu waangalie chini. Yule dada, mtu wangu anasema, alijua kabisa gari inalia, ila aliogopa kuipeleka gereji kwa sababu mafundi nao wana simu. Aliogopa klipu ya gereji, akapata ya supamaketi.

Baada ya kumsema yeye nikaona aibu kutoangalia ya kwetu. Nyumbani kuna Carina ya mzee, namba A, gari ya heshima, ndiyo naiomba nikienda kwenye shoo za usiku kukuleteeni habari. Nikafungua boneti, nikatafuta kikopo, nikachovya tishu nyeupe. Ikatoka nyeusi. Sio kahawia, nyeusi, na inanuka kama kitu kilichoungulia sufuriani.

Mzee hakutaka kusikia. "Gari hii nina miaka 15 nayo, sijawahi kugusa hayo mafuta na inatembea. Ukiyatoa ndiyo utaanza kuvujisha." Na msidhani ni mzee tu, kuna mafundi wazuri kabisa wanasema hivyohivyo. Kwamba uchafu umeziba nyufa za sili, ukiweka mafuta mapya yanasafisha, gari inaanza kuvuja.

Mimi sio fundi, nimeishia fomu foo na fizikia nilipata alama ambayo siisemi. Lakini hebu fikirini. Kama sili yako inashikiliwa na uchafu, basi sili imeshakufa, bado kuzikwa tu. Itavuja mwezi huu au mwezi ujao, na wewe hutachagua itavujia wapi. Mimi nachagua ivujie uani kwetu nikiwa na kopo na taa, kuliko ivujie Goba. Fundi wa braza aliniambia gari kweli zipo zinazovuja baada ya kubadilisha, hakuficha. Ila akasema nyingi ya hizo ni zile zilizokaa na mafuta meusi mpaka mpira ukakauka, yaani ugonjwa ni kuchelewa. Kwa hiyo jibu langu kwa mzee lilikuwa hilo, kwa lugha ya adabu zaidi. Akasema fanya, ikivuja utalipa. Sawa mzee.

Kabla hamjakimbilia Gerezani, wenye IST na Passo tulieni, hizo usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme, hazina mafuta haya kabisa. Msije mkanunua mkatafuta pa kumimina. Fungua boneti, tafuta kikopo kidogo ambacho mfuniko wake una alama ya usukani au maandishi ya steringi. Ukikosa kabisa, muulize fundi, huenda yako ni ya umeme. Ukikipata, angalia mistari pembeni au kijiti chini ya mfuniko, kuna kiwango cha chini na cha juu, na vingine vina alama ya baridi na ya moto kwa sababu mafuta yakipata joto yanapanda. Chovya tishu. Kwa Toyota nyingi za zamani mafuta mapya ni mekundu kama juisi ya rozela. Yakiwa kahawia jipange. Yakiwa meusi, au yananuka kuungua, au yana povu, umeshachelewa.

Ila sio kila gari ni nyekundu. Toyota za umri wa Carina yetu zinatumia yaleyale ya giaboksi ya otomatiki, ATF, ile ya daraja la Dexron II au III. Honda wana mafuta yao maalumu na ukiwawekea ATF unaua sili. Baadhi ya gari za Ulaya zinatumia ya kijani. Soma mfuniko au kitabu cha gari, usisome uso wa muuzaji. Na hapa nina hasira, kwa sababu duka la kwanza nililoingia kijana alinipa chupa ya mafuta ya breki, namuuliza, ananiambia "haidroliki ni haidroliki, bro." Sio kweli! Mafuta ya breki yanaharibu sili za steringi. Na ukigeuza, ukaweka ATF kwenye breki, mipira inavimba na breki zinaondoka. Mtu anauza kitu hicho kaunta huku anachati.

Tulivyofanya sisi ni njia ya maskini, haihitaji kupandisha gari. Famasi nilinunua bomba kubwa la sindano, lile la 60, na mpira wa dripu, kama kipande cha futi moja. Gari imezima, imepoa. Unafyonza mafuta yote machafu kwenye kikopo, unayaweka kwenye chupa ya maji tupu. Unafuta uchafu wa chini kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, angalia kichujio cha ndani kama kipo. Unajaza mapya mpaka mstari. Unawasha, unakata usukani taratibu kushoto mpaka karibu na mwisho, kulia mpaka karibu na mwisho, mara kadhaa. Usiuminye mwisho kabisa ukashikilia, pale ndipo presha inapanda na mafuta yanachemka, na hiyo ni kwa siku zote sio siku ya kubadilisha tu. Unazima, unaangalia, mafuta yameshachafuka tena. Kawaida, kwa sababu kikopo kinabeba sehemu tu, mengine yapo kwenye pampu, mipira na boksi. Unatembelea siku mbili tatu, unarudia.

Hapa hesabu ilinipendeza hata mimi niliyekuwa nakimbia hesabu. Tuseme kikopo kinabeba theluthi ya mafuta yote. Mara ya kwanza unabaki na theluthi mbili za machafu. Mara ya pili umeshuka chini ya nusu. Ukifika ya tano, machafu yamebaki kama 13 kwa 100. Hayaishi kabisa, ila tishu inaanza kutoka na rangi ya binadamu. Kwa Carina lita moja na nusu imetosha kwa raundi zote mpaka sasa.

Njia ya mafundi ni bora kuliko hii. Wanapandisha tairi za mbele, wanachomoa mpira wa kurudishia mafuta, wanauelekeza kwenye kopo, wanaziba tundu la kikopo, halafu mmoja anakata usukani mwingine anaongeza mapya mpaka yatoke safi. Inaondoa karibu yote kwa siku moja. Lakini kikopo kikikauka hata kidogo katikati ya kazi pampu inavuta hewa, na hewa ndiyo ule mlio wa mbuzi. Kama hujawahi, lipa fundi, na usimame pale uangalie rangi inayotoka. Kama gari inavuja tayari, bomba la sindano halikusaidii, anza na uvujaji. Mafuta haya yakidondokea kwenye ekzosi ya moto yanaweza kuwaka, usichukulie poa.

Na yale machafu msimwage mtaroni, wenzetu wa bondeni mvua ikija ndiyo wanayaogelea. Gereji nyingi zina pipa la oili chafu, peleka chupa yako pale.

Ni kila baada ya muda gani? Mafundi niliowauliza wengi wananiambia kilomita 80,000 hivi, wengine wanataka mapema zaidi kwa foleni zetu. Kwa gari uliyonunua mtumba na hujui historia yake, mimi nasema ni wiki hii.

Carina ipo raundi ya tatu sasa. Haijavuja. Ule mlio wa asubuhi niliokuwa nadhani ni uzee wake umepungua sana, bado upo kidogo ikiwa na baridi. Mzee juzi aliichukua kwenda msibani Kibaha, aliporudi hakusema kitu, alinipa tu ufunguo akauliza, "Zimebaki ngapi?" Nikamwambia mbili. Akatoa elfu kumi.

Ile posti nimeifuta. Watazamaji wote wale nimewaaga. Nimemwandikia dada ujumbe wa kuomba msamaha, ameusoma, hajajibu, na ana haki yake. Mtu wangu anasema pampu ya mtumba imeshafungwa, na rimu moja imeuzwa... natania, zote nne bado zipo.

Haya, nendeni mkachovye tishu, mje hapa chini mniambie imetoka rangi gani. Na yule wa komenti ya mbuzi wa Idi, nakujua una gari namba C, wewe anza.